Kobe wa Chumba cha Kufulia

Jumanne, 3 Juni

Shikamoo Mjomba,

Simu umeikataa kwa sababu husikii, na meseji unasema herufi zake ni za sisimizi. Basi nimekaa chini na kalamu kama mwanafunzi wa shule ya msingi. Mwandiko wangu umeharibika kabisa, ukishindwa kuusoma nisamehe.

Mjomba, maji yamenifika shingoni. Unaikumbuka wodi ya watoto wachanga, ile ya ghorofani? Siku hizi kila kitanda cha mtoto kina mashine ya kuangalia mapigo ya moyo na pumzi, na zote zinatuma habari kwenye skrini moja kubwa mezani kwa wauguzi. Muuguzi mmoja anakaa pale anawaona watoto wote. Kazi nzuri sana, ila skrini inazima. Si umeme, umeme upo. Picha inaganda, mistari inakatika, kila mtoto anaonekana kama hayupo. Kama nusu dakika hivi, halafu inarudi kana kwamba haikufanya kitu. Mashine za vitandani hazizimi, lakini katika hiyo nusu dakika wauguzi wanakimbia kitanda hadi kitanda, roho mkononi. Muuguzi mkuu, yule tunayemwita Kengele, amepiga kelele ambazo hata wewe ungezisikia.

Cha ajabu, wauguzi wameshaona dalili yake. Wanasema skrini ikizima, jua mashuka masafi yako njiani. Kweli kabisa! Haipiti muda, mlango unafunguliwa, anaingia dada wa kufulia na kitoroli chake cha mashuka yaliyopigwa pasi. Maskini wameanza kumwangalia kwa jicho la upande. Mmoja alimwambia ayaache mashuka nje.

Mimi nimebadilisha waya, nimebadilisha swichi ya wodi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, kwa nyingine mpya, nimepanda ngazi mpaka magoti yanalia. Mkuu wa Utawala ameniita ofisini. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniogopesha. Amesema mwisho wa mwezi anataka kuchomoa waya wowote mwenyewe na skrini iendelee kuwaka, na isizime tena. Ikishindikana, mtandao wote itapewa kampuni ya nje, na mimi nitatafuta pa kwenda. Hii kazi uliniachia wewe, Mjomba. Sitaki iishie mikononi mwangu.

Nisalimie Binamu na watoto.

Mpwa wako,
Fundi


Jumatatu, 9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko wako ni mbaya kweli, lakini nimeusoma.

Mimi sijambo. Hapa kwa binti yangu nimepewa chumba cha mbele chenye dirisha, na kila kitu kinapitia kwangu kama inavyostahili. Chakula hakipakuliwi mpaka niwe nimekaa. Mjukuu akitaka kwenda ziara ya shule, karatasi inaletwa kwangu kwanza. Wakati mwingine nakuwa nimelala, basi inanisubiri. Nyumba imetulia.

Sasa turudi kwako. Umebadilisha waya na swichi kabla hujauliza swali. Nilikufundisha hivyo?

Anza mwanzo. Wodi yako ina njia mbili za kufika chumba kikuu cha mitambo. Ya kwanza inakwenda moja kwa moja. Ya pili ni ule waya nilioutandaza mimi kwa mikono yangu, unazungukia nyuma, na watu walinicheka wakisema ni wa kazi gani. Ukiwa na njia mbili umepata mduara. Ujumbe ukiingia kwenye mduara hauna pa kutokea. Unazunguka, kila swichi inaunakili na kuupeleka mbele, unakuwa wawili, mia, elfu, mpaka mtandao wote unalewa. Kwa hiyo swichi zinakubaliana kufunga mlango mmoja, yaani tundu moja la waya. Mduara ukikatwa mahali pamoja, unabaki mti: shina moja na matawi, hakuna tawi linalorudi kuligusa lingine.

Lakini ili ujenge mti lazima ujue mzizi uko wapi. Swichi zinachagua mkubwa. Kila moja inatangaza namba yake, mwenye namba ndogo ndiye mkubwa, wengine wote wanatafuta njia fupi ya kufika kwake. Njia inayobaki inafungwa. Na sikiliza hapa: mlango uliofungwa haujafa. Haupitishi mzigo, lakini unasikiliza salamu saa zote. Siku njia kubwa ikikatika, wenyewe unafunguka.

Kwa hiyo swali langu ni moja. Nani mkubwa hapo kwenu? Wewe umempanga, au mmewaacha wajichagulie?

Kobe wangu hajambo? Bado yuko chumba cha kufulia? Mwambie namkumbuka. Nilimbeba begani kutoka langoni, hospitali nzima ikiwa haina hata kompyuta ya kuchezea karata.

Mjomba wako,
mwenye masikio ya mapambo


Jumapili, 15 Juni

Shikamoo Mjomba,

Swali lako limenifungua macho. Nilikimbia chumba kikuu nikaiuliza swichi kuu: mkubwa wako nani? Nilidhani itajibu "mimi". Imenipa namba ya mwingine kabisa! Hakuna aliyewahi kupanga. Zote zina cheo kile kile cha kutoka dukani, na vyeo vikilingana inaangaliwa namba ya kiwandani. Na namba ndogo mara nyingi ni ya swichi ya zamani.

Nimeifuata waya kwa waya mpaka nikaipata. Ni ya zamani sana, inajua ule utaratibu wa kale tu. Swichi mpya zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Moja inasema, "Mimi nitakuwa njia yako ya kwenda kwa mkubwa, unakubali?" Nyingine inafunga milango yake mingine kwanza ili mduara usitokee, inajibu, "Nimekubali," na njia inafunguka hapo hapo. Huwezi hata kupepesa jicho. Hii ya zamani haijui kukubaliana. Inajua kusubiri. Mlango ukiwaka inausikiliza kwanza, halafu inajifunza nani yuko wapi, halafu ndipo inapitisha.

Sasa kumbe kila siku kuna mtu anaichomoa kwenye umeme. Ikitoka, zile mpya zinachagua mkubwa mwingine upesi, hakuna anayejua. Balaa ni inaporudi. Inaamka, inatangaza namba yake ndogo, "Mkubwa nimefika!" Wote wanaitii, wanafunga njia waliyokuwa wanaitumia, wanageukia kwake. Nayo imesimama mlangoni inafikiria. Nusu dakika nzima hospitali inamtazama mzee ambaye hajaamua kitu.

Basi nimempata mchawi, na si dada wa mashuka. Mkuu wa Utawala anasema kitu cha aina hiyo kitupwe kwenye chuma chakavu. Wewe unaonaje? Kwa kawaida mtu anafanya nini na swichi iliyozeeka namna hiyo?

Mpwa wako,
Fundi


Ijumaa, 20 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata.

Nilikuuliza Kobe hajambo, hukunijibu. Swichi ya kale katika hospitali hiyo ni moja tu. Iko chumba cha kufulia, kwenye rafu juu ya meza ya pasi, na soketi pale ni moja. Mimi ni kiziwi, si mjinga.

Waya ule wa pili nilioutandaza unapitia kwake. Nilimweka pale nikidhani namfanyia mtu wema.

Itoeni tu. Kitu kikishakuwa mzigo kinatolewa. Na usihangaike kuniandikia, una kazi nyingi.

Mjomba wako


Jumamosi, 21 Juni

Binamu,

Pole na kazi. Hii naandika jikoni, Baba asijue.

Ulimwandikia nini? Nisikilize kwanza kabla hujajibu, maana nami nina sehemu yangu. Hapa nyumbani kila kitu kinamsubiri yeye. Tulianza kwa heshima, sasa tumenasa. Chakula kinapoa kwa sababu ametoka kutembea na hajarudi. Akirudi, anakaa, anatutazama, anauliza siku imekwendaje, na kwa kuwa hasikii lazima kila mmoja aseme mara mbili, ndipo sufuria ifunguliwe. Huyu mwanangu wa mwisho alikosa ziara ya shule kwa sababu karatasi ilikuwa chini ya mto wa Baba na Baba alikuwa amelala juu yake.

Juzi uzalendo ukanishinda. Nikamwambia, tena kwa sauti ya juu ili asikie, majirani nao wakasikia: "Baba, hatuwezi kukusubiri wewe kwa kila kitu!" Nikajutia hapo hapo. Akachukua fimbo yake akaenda kukaa dirishani, na barua yako ilikuwa imeshafika, iko mezani inamsubiri. Akaisoma pale pale.

Tangu siku hiyo amekuwa mpole mpaka inauma. Chakula anasema wekeni tu, nitakula. Karatasi za watoto anazisukuma kwangu bila kuzisoma. Jana nimekuta begi lake limefungwa kamba, nikamuuliza unakwenda wapi, akasema hakuna, nalipangusa vumbi.

Binamu, mimi sikutaka asiwe mtu hapa. Nilitaka chakula tu. Wewe anakusikiliza kuliko mimi. Andika kitu.

Binamu yako


Jumatano, 25 Juni

Shikamoo Mjomba,

Umenikataza kuandika, na mimi ni mkaidi, hiyo nimeirithi upande wenu.

Ni Kobe, ndiyo. Nilikuficha kwa sababu niliona haya. Ningekuambiaje kwamba kitu ulichokibeba begani ndicho kinachozima skrini ya watoto? Nikazungukazunguka kama mtu anayetafuta choo kwenye harusi ya watu. Samahani Mjomba. Ungekuwa karibu ningekuja kupiga magoti, halafu ungenigonga kichwani kwa bisibisi kama zamani.

Lakini umenielewa vibaya, na kosa ni langu. Kobe simtupi.

Nimempelekea Mkuu wa Utawala mchoro. Kosa si kwamba Kobe ni mzee. Kosa ni kwamba hakuna aliyekaa chini akapanga, kwa hiyo mzigo wa ukubwa ukamwangukia yeye kila siku, kwa sababu ya namba tu. Hakuuomba! Sasa nimepanga. Swichi kuu nimeipa cheo cha kwanza, ndiyo mzizi. Swichi ya chumba cha dawa ni mpya na inakaa kwenye soketi yake yenyewe, hiyo nimeifanya naibu, mkubwa akianguka inashika. Kobe nimempa cheo cha mwisho kabisa. Atangaze namba yake ndogo anavyotaka, cheo kinatazamwa kwanza.

Waya wako wa pili nimeutoa kwa Kobe nikaupeleka chumba cha dawa. Sasa mduara una swichi tatu zinazojua kukubaliana: kuu, wodi, na dawa. Mlango wa wodi unaoelekea dawa umefungwa na unasikiliza. Kobe ana waya mmoja tu, ana kompyuta moja tu ya kuhudumia, ile ya dada wa kufulia anayohesabia mashuka. Dada akimaliza pasi, akimrudishia umeme, Kobe ana ruhusa ya kufikiri nusu dakika. Hakuna anayemharakisha. Nimemtafutia dada na soketi ya ziada, lakini amesema ameshazoea kumchomoa.

Ule waya uliofanya watu wakucheke, Mjomba, ndio wa kuniokoa. Jumatatu Mkuu wa Utawala anakuja wodini kuchomoa waya mkubwa. Watoto wakiwa vitandani, wauguzi wakiwa kazini, mchana. Kengele ameweka muuguzi kila kitanda, kwa tahadhari. Nimeikagua kazi yote, lakini ningependa uniambie nimesahau nini.

Nakupenda sana Mjomba. Hili sikuwahi kukuambia kwa sauti kwa sababu ningelazimika kulisema mara mbili.

Mpwa wako,
Fundi


Ijumaa, 27 Juni

Mpwa wangu,

Hii nimempa dereva anayekuja huko, ikufikie kabla ya Jumatatu.

Naibu umemfanya vizuri, wengi wanasahau. Kagua upande wa dawa kama mlango wa wodi kweli unapata salamu. Mlango uliofungwa usiposikia salamu utadhani uko peke yake, utafunguka, na mduara utarudi. Gusa plagi zote kwa mkono, usitazame taa tu. Milango ya mashine za watoto uiambie kwamba nyuma yake hakuna swichi, iwe inafunguka mara moja bila kumuuliza mtu.

Waya achomoe yeye mwenyewe. Usimsaidie. Mwenye shaka ndiye achomoe.

Kuhusu mambo ya kubeba begani, mlango wa mbele ulikuwa umefungwa siku ile, nikazungukia nyuma. Hiyo hukuijua. Ndipo nilipoiona ile njia ya waya wa pili.

Nilipofika mwisho wa barua yako nilirudia. Mara mbili, kama ulivyosema.

Mjomba


Jumatatu, 30 Juni

Mjomba! Shikamoo!

Sikiliza, nakuandikia kabla hata sijala chakula.

Mlango mmoja wa mashine nilikuwa nimeusahau, kitanda cha pembeni. Nimeutengeneza asubuhi kwa sababu ya barua yako. Dereva wako alinisubiri langoni kama mjumbe wa posa.

Mkuu wa Utawala amekuja na tai. Amesimama mbele ya kabati la mitambo la wodi, nikamwonyesha waya mkubwa, nikarudi nyuma hatua kadhaa na kuweka mikono mgongoni. Kengele alikuwa mezani, macho kwenye skrini, muuguzi mmoja kila kitanda. Mtoto mmoja alikuwa anapiga chafya.

Mkuu akaushika waya. Akanitazama. Akauchomoa. Taa ya ule mlango ikazima, na ya pembeni yake, ya waya wako Mjomba, ikaanza kupepesa kwa nguvu kama iliyokuwa imelala na nguo zake. Nikasubiri kelele.

Hakuna kelele. Mkuu amesimama na waya mkononi hajui auweke wapi. Tukatoka hadi mezani. Kengele hakugeuka hata shingo, macho yake kwenye mistari ya mapigo, inapanda inashuka, watoto wote wapo. Akasema kwa ukali wake ule ule:

"Haya jamani, mnaanza lini? Nina dawa za kugawa."

Mkuu akamwonyesha waya alioushika. Kengele akautazama, akaitazama skrini, akanitazama mimi. Halafu akacheka, Mjomba. Sikujua kama ana meno.

Mkuu alinirudishia waya kwa mikono miwili, akasema kampuni ya nje atawaandikia kwamba hawahitajiki, na kwamba wodi mpya ya upasuaji nianze kuichorea. Ilipofika zamu ya mashuka, kitoroli kikaingia, skrini ikaendelea. Wauguzi wamempigia makofi dada wa watu, hana hili wala lile, akadhani ni siku yake ya kuzaliwa.

Nimelia chooni kidogo. Za furaha.

Kobe hajambo. Nimempangusa vumbi na nimembandikia karatasi: "Mstaafu. Anafanya kazi."

Mpwa wako,
Fundi bado


Jumanne, 8 Julai

Mpwa wangu Fundi,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimewasomea hapa sebuleni kwa sauti. Binti yangu anasema nilikuwa napiga kelele. Mjukuu anamwigiza Kengele tangu asubuhi.

Nami nilifanya jaribio langu. Sikumwambia mtu ni jaribio. Nilichukua lile begi nikaenda kwa rafiki yangu tuliyekuwa tunatandaza naye waya, nikalala huko siku mbili, bila kuacha maagizo yoyote. Nikarudi wakati wa chakula cha mchana. Nikasimama mlangoni. Walikuwa wameshakula, sufuria zimeoshwa, karatasi ya ziara nyingine imesainiwa na mama mtu, wanacheka kitu sikukisikia. Mjukuu akaniona akasema, "Babu, kwani ulikuwa umekwenda?"

Nilisubiri uchungu uje. Ulikuja, sitakudanganya. Nikaenda kukaa kiti changu cha dirishani. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Na mezani palikuwa na sahani moja imefunikwa. Nikafunua, chakula bado cha moto. Nikamuuliza binti yangu, ulijuaje nitarudi leo? Akasema, kwa sauti ya kawaida, nikamsoma midomo: sikujua, nimekuwekea kila siku.

Uchungu ukaisha, nikala.

Basi kama nyumba haikwami nisipokuwepo, ina maana nina nafasi ya kutembea. Nakuja huko mwisho wa wiki hii. Godoro la chini linatosha. Unipeleke chumba cha kufulia mchana, watu wote wakiwa kazini, nimchomoe Kobe kwa mkono wangu na nimrudishe. Kisha mimi na wewe tusimame pale tusikilize hospitali nzima ikiwa kimya, hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga kelele.

Kimya bado nakisikia vizuri sana.

Mjomba wako